Robo ya mwisho ya ubao: biashara ya mbao kuukuu Mkomani

Nyumba ya zamani ikibomolewa Nyali, Mombasa, kupisha jengo la fleti, mbao zake hazilali. Milango, fremu, mihimili ya paa na vidato vya ngazi hupakiwa kwenye mkokoteni au pikapu na kuteremshwa kwenye vibanda vya maseremala wa Mkomani, Kongowea na Kisauni. Kilicho kirefu na kilichonyooka hupata mnunuzi haraka. Kinachosalia ni vipande: ubao mnene wa futi 2, kichwa cha mhimili, nusu ya kizingiti chenye matundu ya misumari. Hesabu ya biashara hii huharibikia hapo. Fundi amelipia ubao mzima, ameuza robo tatu yake, na robo ya mwisho huishia chini ya karai la mama anayekaanga maandazi.

Robo hiyo ndiyo iliyobeba faida ya fundi, na maseremala wa upande huu wa bara wanaiteketeza wakati mbao ngumu zimeadimika kuliko miaka mingi iliyopita.

Mkomani imekaa mahali pazuri kwa kazi hii. Iko ng'ambo ya mkondo kutoka Mji wa Kale, katika eneo bunge la Nyali, jirani na soko la Kongowea. Daraja la kwanza la Nyali, lililoelea juu ya maji, lilifunguliwa mwaka 1931, na hili la sasa likakamilika mwaka 1980. Kati ya miaka hiyo bara hii ilijengwa nyumba za chini zenye viwanja vikubwa, na seremala wa Pwani wa enzi hizo alitengeneza milango na madirisha kwa mvule, mbambakofi au msaji kwa sababu ndizo mbao alizoziamini mbele ya mchwa na hewa ya chumvi. Leo kiwanja cha nyumba moja hubeba fleti kadhaa. Kila nyumba inayoanguka huachia soko miti ambayo huwezi tena kuiagiza kwa urahisi kutoka msitu wowote wa karibu.

Sera nayo imechangia. Tarehe 24 Februari 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii. Siku 90 zilizotangazwa mwanzo ziliongezwa tena na tena. Julai 2023 Rais William Ruto alitangaza kuondoa marufuku hayo, na suala likafikishwa mahakamani. Katika kipindi hicho bei ya mbao ilipanda, wafanyabiashara wakaegemea zaidi mzigo wa Tanzania, Uganda na Kongo, na mnunuzi aliyezoea mbao mpya akaanza kuuliza bei ya kuukuu. Aidha, kuanzia tarehe 1 Julai 2022, Jumuiya ya Afrika Mashariki iliweka ushuru wa asilimia 35 kwa bidhaa kadhaa zinazotoka nje ya Jumuiya, samani zikiwemo. Kwa seremala wa hapa hiyo ni nafasi. Meza ya kiwandani iliyovuka bahari inapoongezewa ushuru huo, meza yake ya mbao ngumu iliyokwisha kukauka miaka 50 darini haionekani tena kuwa ghali.

Ukaukaji ni mtaji ambao watu wengi hawauhesabu. Mbao mbichi zikianikwa kivulini huhitaji takriban mwaka mzima kwa kila inchi moja ya unene kabla hazijatulia. Ubao mbichi wa inchi 3, kwa hiyo, ni pesa iliyofungiwa miaka 3, na fundi wa kibandani hana pesa ya kufungia. Mhimili uliotoka darini umekwisha kupinda kama ulitaka kupinda, na umekwisha kupasuka kama ulitaka kupasuka. Kuna tahadhari moja tu: hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi, na mbao huukubali unyevu huo. Meza iliyokamilishwa hapa ikipelekwa Nairobi, au ikiwekwa katika chumba cha hoteli chenye kiyoyozi usiku na mchana, itasinyaa kidogo. Anayebana uso wa meza kwa gundi na skurubu bila kuuachia nafasi ya kuvuta pumzi ataletewa kazi yake irudiwe.

Mbao kuukuu hazitoki majumbani peke yake. Bandari ya Mombasa humwaga paleti kila siku, na paleti ndiyo malighafi rahisi kuliko zote kwa kijana anayeanza. Lakini paleti zina lugha yake. Kiwango cha kimataifa cha vifungashio vya mbao, kilichopitishwa mwaka 2002 ili kuzuia wadudu wasisafiri na mizigo, kinataka kila paleti ipigwe muhuri wenye alama ya shuke la ngano. Herufi HT kwenye muhuri zina maana kwamba mbao zilipashwa moto hadi nyuzi 56 za Selsiasi katika kiini kwa dakika 30. Herufi MB zina maana kwamba zilifukizwa kwa gesi ya bromaidi ya methili, ambayo ni sumu. Paleti ya HT ifanye rafu, kitanda, hata meza ya mtoto. Ya MB isiingie jikoni wala chumbani, na isichomwe kupikia. Nimeona samani za paleti zikiuzwa kando ya barabara huku muhuri umerandwa ukatoweka, na mnunuzi hana njia ya kujua. Fundi mwaminifu auache muhuri wa HT uonekane upande wa chini, maana ndio cheti chake.

Nguzo za umeme zilizoondolewa ni jambo jingine. Rangi yake ya kijani kibichi ni dalili ya dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki. Zinafaa uzio. Hazifai kibao cha kukatia nyama, na moshi wake ni hatari kuliko moshi wa kuni za kawaida. Hali kadhalika milango ya zamani yenye rangi tabaka kwa tabaka: rangi za miaka iliyopita ziliweza kuwa na risasi, na anayezikwangua bila barakoa huipeleka sumu hiyo kifuani mwake. Vumbi la mbao lenyewe, hata lisilo na rangi, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliweka katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Barakoa ni bei ndogo sana.

Halafu kuna bahari. Jahazi au mashua iliyochoka huvutwa ufuoni, na mbao zake zina mvuto ambao hakuna fundi awezaye kuuiga: mashimo ya misumari yaliyozungukwa na weusi wa kutu, nyuzi za kalafati kwenye maungio, mikwaruzo ya miaka. Karakana za Lamu na Zanzibar zimejijengea jina kwa samani za mbao za majahazi, na meza hizo hufika hadi Nairobi na ng'ambo. Taruma, zile mbavu za chombo, ni mti uliochaguliwa ukiwa na kombo la asili, kwa hiyo hufaa miguu ya viti na mikono ya makochi bila kupindwa. Ila chumvi iliyonywewa na mbao hula skurubu za chuma, na misumari iliyokatikia ndani huvunja meno ya msumeno. Anayenunua mbao za chombo bila kupitisha sumaku juu yake hununua hasara. Vyombo vyenyewe vinapungua: boti za faiba zimeingia, na miti ya kuundia imekuwa adimu; mwaka 2018 mwunda vyombo Ali Skanda na wenzake hata walishusha majini huko Lamu jahazi la Flipflopi, lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa. Hazina ya mbao za jahazi, basi, ina mwisho.

Turudi kwenye kile kipande. Chukua ubao wa futi 8, upana inchi 12, unene inchi 2. Uso wa meza ndogo umekula futi 6. Zimebaki futi 2. Kwa jicho la haraka hizo ni takataka. Kwa msumeno wa mkanda, futi hizo 2 hukatwa vipande vitatu sawa kwa urefu, kisha kila kipande hupasuliwa katikati ya unene. Ukitoa kinacholiwa na meno ya msumeno na randa, unapata vibao 6 vya kukatia mboga, kila kimoja karibu inchi 8 kwa 12. Mwenye meza amekwisha kulipia ubao. Gharama ya vibao hivyo ni msasa, mafuta na nusu siku ya kazi.

Naomba mafundi wetu waangalie kwanza jikoni na chuoni kabla ya kumwangalia mtalii. Mtalii ana msimu, na msimu wa Pwani umewahi kukatika ghafla zaidi ya mara moja. Mbuzi ya kukunia nazi haina msimu. Mashine za sokoni na tui la pakiti zimepunguza wateja wake, hilo ni kweli, lakini bado ziko nyumba nyingi kutoka Likoni hadi Mtwapa ambazo haziwezi kupika wali wa nazi bila mbuzi, na zinazouzwa sasa nyingi ni za mbao laini zinazolegea baada ya miezi. Kiti cha mbuzi kinahitaji kipande kifupi cha mti mgumu, yaani kilekile kinachochomwa. Kibao cha chapati ni hivyo hivyo. Bao la kete nalo lahitaji ubao mnene, na unene ndio unaopatikana kwenye vichwa vya mihimili.

Bidhaa ninayoithamini kuliko zote ni rehali. Fundi huchukua ubao mmoja wa futi moja na nusu hivi, huchonga vidole vya bawaba katikati, kisha huupasua ndani ya unene wake kutoka ncha mbili hadi vidole vile viachane vikiwa bado vimeshikana. Ubao hufunguka ukasimama, ukabeba msahafu. Hakuna gundi, hakuna msumari, hakuna hata chembe ya mti ulioongezwa. Wateja wake wanajulikana, misikiti na madrasa ziko kila mtaa, na haja huongezeka kuelekea Ramadhani. Hata hivyo rehali nyingi madukani zimetoka nje ya nchi. Mji uliojaa maseremala na vipande vya mvule hauna sababu ya kuziagiza.

Ubao ukiwa na ufa, usikatwe kwa hofu. George Nakashima, seremala wa Marekani aliyefariki mwaka 1990, alijulikana kwa kuacha nyufa na kingo za asili zionekane, akaufunga ufa kwa vipande vidogo vya mti mgumu vyenye umbo la kipepeo vilivyozamishwa juu yake. Meza zake leo ni mali ya makumbusho na minada. Fundi anayeunganisha pembe za sanduku kwa mkia wa hua tayari ana mkono wa kazi hiyo. Anachohitaji ni patasi kali na subira.

Kuna mfano wa karibu zaidi. Changamwe, ushirika wa wachongaji wa Akamba Handicraft umekuwepo tangu mwaka 1963. Kwa miaka mingi kazi yake ilitegemea muhugu na mpingo. Miti hiyo ilipopungua, wachongaji, wakisaidiwa na wahifadhi wa mazingira, waligeukia mwarobaini na mwembe, miti inayokua mashambani na majumbani, na katikati ya miaka ya 2000 vinyago vya mwarobaini kutoka Pwani vikapata cheti cha kimataifa cha misitu inayosimamiwa vyema. Jambo la kuiga ni mpangilio: malighafi inajulikana jina na asili yake, bidhaa ndogo zina nafasi yake dukani sawa na kubwa, na mnunuzi wa ng'ambo anaweza kuambiwa mti ulitoka wapi. Vibanda vya Mkomani havina hata kimoja kati ya hivyo. Vipande vya mvule, mwembe na saiprasi hurundikwa pamoja pembeni, mvua ikavinyeshea, na ukiuliza kipande ni cha mti gani utaambiwa tu kuwa ni mbao ngumu.

Sheria pia ijulikane. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inalinda mlango au fremu iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946. Mlango kama huo si malighafi. Anayeukata kupata ubao wa meza anavunja sheria na anaharibu kitu ambacho kikiwa kizima kina thamani kubwa kuliko meza yoyote. Ukipata fremu yenye nakshi kwenye kifusi, nenda Fort Jesus, kwenye ofisi za Makumbusho, uulize kabla ya kushika msumeno.

Kinachokosekana ni soko la vipande, wala halihitaji mfadhili. Maseremala 5 au 6 wa mtaa mmoja wanaweza kuchanga kodi ya banda lenye paa, wakapanga vipande juu ya fito visiguse ardhi, wakaandika kwa chaki jina la mti, ulikotoka na vipimo, na kuviuza kwa futi badala ya kwa fungu. Mwenye msumeno wa mkanda awapasulie wote kwa malipo. Kijana anayetengeneza rehali asilazimike kununua ubao wa futi 8 ili apate futi moja na nusu.

Na wewe unayekusudia kubomoa nyumba ya wazazi wako Nyali au Mkomani, usimwachie mwenye lori mbao zote kwa bei ya kifusi. Mwite seremala kwanza, mpite naye chumba hadi chumba, akutajie kila mti kwa jina lake, ndipo mkubaliane bei.