Kinachoumiza Si Nyumba

Kwa wakulima wa tumbaku wa Ushetu, nyumbani ndiko kazini. Tumbaku ikishapangwa ndani ya bani, banda la kuikaushia, moto haulali: usiku kucha lazima awepo mtu wa kuchochea kuni na kuchungulia kipimajoto, maana joto likizidi, jasho la msimu mzima linaungua. Hata hivyo, mkesha huo haukosi jirani wa kupiga naye soga.

Kaskazini mwake, kwenye migodi ya Bulyanhulu na Geita, mwamba wa dhahabu haubebeki kwenda kupasuliwa sebuleni. Kompyuta ya mhasibu inabebeka. Tarehe 15 Machi 2020, Rais Uhuru Kenyatta alipowahimiza waajiri wa Kenya kuwaruhusu watu wafanyie kazi nyumbani kwa sababu ya korona, wengi walibeba kompyuta zao bila kuulizwa kama nyumbani kuna nafasi, umeme au utulivu.

Akili hutegemea dalili ndogo ndogo kujua kazi imeanza na imekwisha: viatu, bodaboda, salamu ya mlinzi getini. Dalili hizo zikitoweka, ujumbe wa bosi wa saa tatu usiku unakaa mezani pamoja na ugali. Usingizi unakatika, hasira inakuwa karibu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka wa kwanza wa korona, wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kwa asilimia 25, na likautaja upweke kuwa miongoni mwa sababu kubwa.

Lakini je, kosa ni la nyumba? Miaka kumi kabla ya hapo, kampuni ya usafiri ya Ctrip, Shanghai, iliwapeleka wapokea simu waliojitolea wakafanyie kazi nyumbani, kwa miezi tisa. Utendaji ulipanda kwa asilimia 13. Waliporuhusiwa kuchagua upya, takriban nusu yao walirudi ofisini. Lalamiko kubwa lilikuwa upweke. Kila mtu alipokaa alikochagua, ongezeko la utendaji likafika asilimia 22.

Kumbe nyumba haina kosa. Kinachoumiza ni kulazimishwa, na kukosa watu.

Kwa hiyo mwajiri anayetaka kuwapeleka watu nyumbani aanze kwa kuwauliza. Apange siku za kukutana ana kwa ana, na saa ya kuacha kutuma ujumbe. Hata mlinda bani hupokewa zamu, akaenda kulala.