Nozeli, Tone na Gugu

Nozeli ni kipande kidogo kinachofungwa kwenye ncha ya bomba la kupulizia, nacho huamua dawa itatoka kiasi gani kwa dakika, itatawanyika kwa upana gani, na matone yatakuwa makubwa au madogo. Kwa viuagugu, ukubwa wa tone ndio wenye visa vingi.

Kipenyo cha tone kikipungua kwa nusu, maji yaleyale hutoa matone mara nane. Matone madogo hulifunika jani vizuri, lakini upepo huyachukua kwa urahisi, hasa yaliyo chini ya maikroni 150 hivi. Tone kubwa hutua lilikoelekezwa, ila likikuta jani jembamba, lililosimama na lenye nta, kama la nyasi changa, mara nyingi hudunda na kuanguka chini.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua dawa inavyoua. Dawa ya mguso huunguza pale tu ilipotua, hivyo huhitaji matone ya wastani yanayoenea jani zima. Dawa ya glaifoseti husafiri ndani ya mmea hadi mizizini na hustahimili matone makubwa zaidi. Dawa ya 2,4-D nayo husafiri, na hapo tone kubwa ni la lazima hasa: matone madogo yakipeperushwa kutoka kwenye mahindi yakafika kwenye nyanya au pamba ya jirani, majani hujikunja na zao kuharibika. Dawa inayopulizwa kwenye udongo kabla magugu hayajaota haina jani la kufunika, kwa hiyo matone makubwa huifaa.

Mabomba mengi ya mgongoni huuzwa yakiwa na nozeli ya koni. Hiyo hufaa dawa za wadudu na ukungu. Kwa magugu hutoa matone madogo mno na kuacha michirizi. Nozeli bapa hupuliza kwa mstari ulionyooka, na ile ambayo dawa hugonga kibamba kabla ya kutawanyika hufanya kazi kwa shinikizo dogo, karibu baa 1, ikitoa matone makubwa kwa upana mkubwa.

Nozeli nyingi bapa hufuata rangi za kimataifa. Ya njano hutoa lita 0.8 kwa dakika katika shinikizo la baa 3, ya buluu lita 1.2. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu dawa hupimwa kwa bomba ilhali kipimo sahihi ni cha ekari. Mpulizaji anayetembea mita moja kwa sekunde, akifunika upana wa mita moja, hutumia lita 54 hivi kwa ekari kwa nozeli ya njano, yaani bomba tatu na theluthi hivi za lita 16. Akifunga ya buluu bila kubadili kipimo cha kila bomba, hufika bomba tano, na ekari hupata dawa nusu zaidi ya iliyokusudiwa. Kusukuma mpini kwa nguvu si njia ya kuharakisha: ili mtiririko uongezeke mara mbili, shinikizo lazima liongezeke mara nne, na matone huzidi kuwa madogo.

Tundu la nozeli nalo hulika, la shaba haraka kuliko la kauri. Nozeli iliyoziba husafishwa kwa brashi laini, si kwa waya wala kwa kupulizwa kwa mdomo, na inayotoa zaidi ya asilimia 10 juu ya kiwango cha nozeli mpya hubadilishwa.