Motopompa inanunuliwa na PDG, esansi inalipwa na nani?

Ndugu wachimbaji wa Misisi na wa mashimo yote ya Fizi, na ninyi mama zetu mnaongojea unga nyumbani: wakati wa mvua mashimo yanajaa, na PDG anashuka Baraka kutafuta motopompa. Wengi wetu tunasema hiyo ni kazi yake, sababu franga ni zake. Sivyo. Motopompa inanunuliwa mara moja, lakini esansi inakatwa kila siku mbele ya kugawana. Mashini yenye kula sana inakula fungu letu. Basi tuwe na sauti pale inapochaguliwa.

Kwanza, someni kibati cha mashini. Kikiandika « hauteur max » mita 30, watu wanafikiri itatoa maji ya mita 30. Hapana. Kwenye mita 30 haitoi hata tone. Moteri inanguruma tu na esansi inaisha. Shimo la mita 20 linataka mashini ya mita 35 ao 40.

Pili, tuyo. Ukitumia tuyo yenye nusu ya upana na kutaka maji yale yale, msuguano ndani yake unapanda karibu mara 30. Mdomo wa mashini ukiwa inchi 2, tuyo iwe inchi 2. Tuyo nyembamba ni rahisi sokoni, ni ghali shimoni.

Tatu, na hapa ni uzima wetu. Motopompa iliyo juu haivuti maji kwa nguvu yake peke yake: hewa ya inje ndiyo inayasukuma kupanda tuyo. Kando ya bahari inafika mita 7 hivi. Ziwa letu Tanganyika liko mita 773 juu ya bahari, na Misisi iko juu zaidi. Huku tusitegemee kupita mita 6. Ndiyo maana watu wanashusha moteri ndani ya shimo. Moshi wake una monoksidi ya kaboni, haina harufu, haina rangi. Kichwa kinauma, miguu inalegea, mtu anaanguka. Na mwenye kushuka kumuokoa anaanguka vilevile.

Kwa shimo refu, dawa ni pompa ya umeme ya kuzama, ile ya maji machafu, sababu mchanga unakula pompa ya maji safi. Yenyewe inasukuma toka chini, na grupu inabaki juu, mbali na mdomo wa shimo. Kebo iwe nzima, na dijonkta iwepo. Plaki za jua hazinywi esansi, lakini bei yake ya kwanza ni kubwa na usiku hazifanyi kazi. Washirika wanaweza kuchanga.

Hakuna pompa inayoshinda mvua kubwa. Tarehe 11 Septemba 2020, kule Kamituga, maji yaliingia mashimoni na makumi ya wachimbaji walikufa. Mvua ikinyesha sana, wote juu.

Basi mbele ya kupatana na PDG, tuulize matatu: kibati kinasema mita ngapi? Moteri itakaa wapi? Na lita za kila siku zinaandikwa kwenye daftari gani, mbele ya nani? Kama hataki daftari, tujue kuna kitu anachoficha.