Rekodi za Jembe Kaskazini mwa Pemba

Anayetaka kuona shamba gumu kuliko yote Pemba aende Shumba, upande wa maweni. Mvua hainyimi huku, tatizo haikai. Inapita kwenye matundu ya mawe ya matumbawe kama maji kwenye tenga, na jua likichachamaa siku chache tu kunde zimeshanyauka. Udongo wenyewe umejificha vishimoni, pengine konzi mbili tatu. Jembe hugonga mwamba. Mkulima hufyeka kichaka, hukichoma, kisha huchimba kwa muo na kutia mbegu panapokubali: muhogo, mtama, mbaazi. Misimu michache ikipita, nguvu ya majivu imekwisha, naye anahamia kichaka kingine.

Rekodi ya ukongwe iko jirani, Tumbe. Watafiti wa mambo ya kale walikuta huko mawele ya karne ya 7 hadi ya 10. Chwaka, mji uliofuata kuanzia karne ya 11, ukahamia kwenye mpunga. Mpunga una kazi kuliko mawele, unataka bonde na maji, kwa hiyo nionavyo si njaa peke yake iliyowasukuma. Wali ni chakula cha kumwekea mgeni, na mchele ni bidhaa. Wareno walipofika, Pemba ilikuwa ikiilisha Mombasa.

Lakini upanuzi wa mashamba mkubwa kuliko wote uliletwa na upepo. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi yake. Pemba ikaponea. Bei ikapanda, wenye mali wakageukia vilima vya Pemba, na hadi mwisho wa karne kisiwa hiki kilikuwa kinatoa takriban robo tatu ya karafuu za Zanzibar, wakati Zanzibar ikiongoza duniani. Waliopanda na kuchuma wengi walikuwa watumwa, jambo ambalo sifa za karafuu hupenda kulipita kimya. Utumwa haukuondolewa kisheria hadi 1897.

Wenye mashamba wengi walikuwa na asili ya Oman, ambako hesabu ni nyingine kabisa. Kule mtende haupandwi ila maji yafike, na falaj, yaani mfereji wa maji ya shamba, ndiyo inayoamua shamba liishie wapi; Falaj Daris ya Nizwa ndiyo kubwa kuliko zote nchini humo. Pemba hakukuwa na kizuizi hicho. Shamba liliishia pale bei ilipoishia, au pale udongo mzito ulipokutana na mawe. Mkarafuu hauoti maweni, basi Shumba haikuonja utajiri huo kama magharibi.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ikagawiwa eka tatu tatu. Hilo lilibadili mwenye shamba zaidi kuliko ukubwa wa shamba. Leo kinara wa karafuu ni Indonesia, na nyingi wanazivuta wenyewe ndani ya sigara.

Kinachosukuma panga sasa ni idadi ya watu. Sensa ya 2012 ilihesabu Wapemba 406,848. Ya 2022 ikafika 543,441, ongezeko la theluthi nzima ndani ya miaka kumi, na kisiwa ni kilekile. Midomo ikizidi, kichaka cha maweni hakipati muda wa kurudi kabla hakijafyekwa tena. Msitu mkubwa uliobaki, Ngezi, una hekta 1,440 hivi, nao ni hifadhi: humo halimi mtu.