Michezo ya Video ya Mwendo Yaweza Kumtoa Mwanafunzi Mwenye Ulemavu Pembeni mwa Uwanja

KIPINDI cha michezo kinapofika, wanafunzi hutoka darasani kwenda uwanjani kucheza nage, mpira wa miguu au riadha. Mwenzao anayetumia kiti cha magurudumu, au asiyeona, mara nyingi hubaki pembeni akilinda viatu na mikoba. Saa iliyokusudiwa kuujenga mwili wa kila mtoto humpita yule ambaye huenda anaihitaji zaidi.

Haki ya mtoto huyo si jambo la hisani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 30 ya mkataba huo inazitaka nchi kuhakikisha watoto wenye ulemavu wanashiriki michezo sawa na wenzao, ikiwemo ya skuli. Nalo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watoto na vijana wenye ulemavu, wa umri wa miaka 5 hadi 17, wafanye mazoezi kwa wastani wa dakika 60 kila siku.

Miongoni mwa nyenzo zinazoweza kusaidia ni michezo ya video inayochezwa kwa mwendo wa mwili. Mchezaji hushika kifaa chenye kihisi, au hukaa mbele ya kamera inayofuata viungo vyake. Akipunga mkono, mchezaji anayeonekana katika skrini hupiga mpira. Vifaa vya aina hii vilienea baada ya kampuni ya Nintendo ya Japani kutoa mtambo wa Wii mwaka 2006, na Microsoft kutoa Kinect mwaka 2010.

Faida yake kubwa ni kwamba mchezo unaweza kulinganishwa na uwezo wa mwanafunzi. Aliye katika kiti cha magurudumu hucheza tenisi au bolingi kwa mikono bila kusimama. Mwanafunzi kiziwi hufuata picha. Kwa wasioona, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nevada, Reno, nchini Marekani, walitengeneza tenisi na bolingi ambazo mchezaji huongozwa na sauti pamoja na mtetemo wa kifaa alichokishika.

Hata hivyo, nyenzo hii ina mipaka. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool John Moores cha Uingereza, uliochapishwa mwaka 2007 na kuhusisha vijana wasio na ulemavu, ulionesha kuwa michezo ya Wii hutumia nguvu nyingi kuliko michezo ya video ya kukaa tu, lakini chache kuliko michezo yenyewe ya uwanjani. Kwa hiyo haiwezi kuchukua nafasi ya uwanja. Aidha, mwanga unaomweka katika skrini unaweza kuwa hatari kwa baadhi ya wenye kifafa, hivyo ushauri wa daktari ni wa lazima kwao.

Pemba imeunganishwa na umeme wa Gridi ya Taifa kutoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu mwaka 2010. Lakini umeme pekee hautoshi. Skuli huhitaji skrini, chumba chenye nafasi na mlango unaopitika kwa kiti cha magurudumu, pamoja na mwalimu aliyefundishwa. Uhakika wa vipuri nao ni muhimu, kwani Kinect yenyewe iliacha kutengenezwa mwaka 2017.

Jambo la kuepukwa ni kumfungia mwanafunzi mwenye ulemavu chumbani na mtambo wake huku wenzake wakiwa nje. Darasa ligawanywe katika makundi yanayopokezana, ili wenye ulemavu na wasio nao wacheze pamoja na kuhesabiana pointi.

Skuli isiyo na mtambo haina sababu ya kusubiri. Mpira wenye kengele ndani humwezesha asiyeona kuusikia unapokuja, na mpira wa wavu wa kukaa huchezwa kwa kuushusha wavu karibu na ardhi. Yote mawili, golboli na wavu wa kukaa, ni michezo ya Paralimpiki.

Wazazi nao wana wajibu wa kumruhusu mtoto acheze, na kumuuliza mwalimu: kipindi cha michezo kilipofika leo, mwanangu alifanya nini?