Gari la masika huandaliwa Februari

Kila mwaka, kabla Machi haijaingia, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza mwelekeo wa mvua za masika. Mkoa wa Mara umo kwenye ukanda unaopata misimu miwili ya mvua, vuli na masika, na Aprili huwa na maji mengi. Wakulima wa Butiama wakilisikia tangazo hilo huanza kutafuta mbegu. Wenye magari wengi huendelea na shughuli zao, na fundi huitwa gari likishakwama.

Gharama ya kuchelewa huko si ya mwenye gari peke yake. Gari lililokwama njia ya Majita ndilo lililobeba dagaa wa mtu, mwanafunzi anayerudi shule, au mjamzito anayepelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mwalimu Nyerere pale Kwangwa, Musoma. Kuliandaa gari kwa ajili ya mvua ni deni kwa abiria, na deni hilo hulipwa Februari, jua likiwa bado kali.

Tairi kwanza

Eneo la tairi linalogusa ardhi kwa wakati mmoja linakaribia ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Gari zima, pamoja na abiria na mizigo yao, linashikiliwa na viganja vinne. Mifereji iliyochongwa kwenye tairi inaondoa maji ili mpira ufike kwenye lami. Ikiisha, maji yanakosa njia, tairi linapanda juu yake, usukani unakuwa mwepesi ghafla na breki haikamati. Kwenye barabara kuu kati ya Bunda na Kiabakari, ambako dereva akiona lami imenyooka huongeza mwendo, tairi kipara linaweza kuelea hivyo bila gari kukanyaga tope hata kidogo.

Kipimo kimo kwenye tairi lenyewe. Chungulia ndani ya mfereji utaona vinundu vidogo vya mpira. Tairi likilika hadi kulingana na vinundu hivyo, zimebaki milimita 1.6 tu, na nchi nyingi haziruhusu tairi kushuka chini ya hapo. Kwa mvua, usingoje kufika huko. Milimita 3 ziwe ndio mwisho wako. Kisha soma ubavuni tarakimu nne zilizo ndani ya kijisanduku. Ukikuta 2319, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira mzee hukakamaa na kupasuka hata kama mifereji bado ni mirefu.

Kwa magari ya mtumba kutoka Japani kuna la ziada. Baadhi yametumika kaskazini ya nchi hiyo, kisiwani Hokkaido, ambako barabara hufunikwa na theluji miezi mingi. Huja na matairi yaliyoandikwa STUDLESS, au yenye mchoro wa mlima wa vilele vitatu na ua la theluji ndani yake. Yanaonekana imara na mifereji yake ni mingi, hivyo mnunuzi hufurahi. Lakini mpira wake umelainishwa makusudi usigande kwenye baridi. Katika joto la Bunda hulainika kupita kiasi, huisha haraka, na kwenye lami yenye maji gari huchukua umbali mrefu zaidi kusimama. Chini ya magari hayo angalia pia kutu, hasa kwenye chesesi na mabomba ya breki, kwa sababu chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu hula chuma taratibu. Februari kutu inaonekana. Aprili itakuwa imefunikwa na tope.

Breki, waipa na taa

Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Yakichemka hutoa mvuke, na dereva akikanyaga breki, pedali inazama hadi chini bila gari kupungua mwendo. Miaka miwili ikipita, yabadilishwe. Na ukishavuka maji, endesha polepole huku ukigusa breki kidogo kidogo mpaka zikauke, ndipo uongeze mwendo.

Mpira wa waipa haudumu kwenye jua letu. Hukauka na kuchanika, na mvua ya kwanza ikipiga unachora kioo badala ya kukifuta. Waipa mbili mpya ni gharama ndogo sana ukilinganisha na kioo, sembuse roho ya mtu. Taa zilizopata ukungu wa njano zisuguliwe au zibadilishwe. Betri na mkanda wa alteneta vikaguliwe pia, kwa kuwa usiku wa mvua taa, waipa na feni hufanya kazi kwa pamoja na chaji ikipungua zote hufifia. Mvua ikikukuta njiani washa taa za kawaida za mbele. Zile za tahadhari, zinazomweka pande zote, ni za gari lililosimama. Ukitembea nazo, aliye nyuma hajui kama unakwenda au umesimama, na hataona ukitaka kukata kona.

Udongo wa mbuga

Ukiacha lami, Mara ina udongo wa namna mbalimbali, na dereva anapaswa kuujua. Kwenye vilima vya mawe vya Butiama maji hushuka kwa kasi, huchimba makorongo kando ya barabara na kung'oa kalavati. Kwenye nyanda za Bunda, karibu na Ndabaka na kwenye mabonde ya Rubana na Grumeti, kuna udongo mweusi wa mbuga. Kiangazi hupasuka nyufa pana zinazomeza mguu. Ukinywa maji huvimba, huteleza na kunata. Mita chache tu zinatosha kuijaza mifereji yote ya tairi, na tairi jipya likawa laini kama kipara.

Kwenye udongo huo nguvu ya injini si mkombozi. Weka fo-wili kabla ya kuingia topeni, na kwa magari ya zamani funga hab za mbele ungali mahali pakavu. Shika gia ndogo, mwendo mmoja, usikanyage mafuta kwa hasira. Gurudumu linalozunguka bure linajichimbia shimo. Ukipunguza upepo, tairi hutanuka na kushika vizuri zaidi, mradi ujaze tena kabla ya kurudi kwenye lami. Katika buti kuwe na sepeto, panga, kamba imara, tochi, pampu, maji ya kunywa na kipande kizito cha mbao. Mbao hiyo ndiyo inayosahaulika mara nyingi. Bila kitu kipana cha kukalia, jeki inazama kwenye tope na gari linabaki pale pale.

Mto unaojaa bila mvua

Alasiri, upepo unaotoka ziwani huingia nchi kavu na kukutana na upepo wa mashariki, na hapo mawingu ya radi hupanda. Mvua kubwa huweza kushuka milimani na mbugani huku Bunda mjini jua linawaka. Saa chache baadaye korongo lililokuwa kavu asubuhi linanguruma. Kwa hiyo anayekwenda mbali na lami aondoke asubuhi, na asitegemee kurudi jioni kwa njia ile ile bila kuuliza.

Maji ya sentimita 30 yaendayo kasi yanaweza kulibeba gari dogo. Yakifika sentimita 60 huweza kulibeba hata gari kubwa la fo-wili. Maji ya matope hayaonyeshi shimo, wala hayasemi kama daraja bado lipo. Na injini ikivuta maji kupitia eya klina, silinda hujaribu kukandamiza kitu kisichokandamizika, na koneketingi rodi inapinda. Gari likizimika majini usipige stata. Teremsha watu, liache, litavutwa baadaye na fundi atamwaga maji kabla ya kuliwasha.

Hesabu ya tajiri

Karibu yote haya madereva wa Mara wanayajua. Wengi wamejifunza kwa kuchimba tope kwa mikono. Kinachowakwamisha ni hesabu. Dereva wa Probox au Noah anatakiwa amfikishie tajiri kiasi maalumu kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Tairi likiisha anaambiwa avumilie mwezi mmoja zaidi. Akisubiri mto upungue, hesabu haipungui naye. Mtu aliyewekwa kwenye kona hiyo atavuka. Gari likisombwa, tutasema dereva alikuwa mzembe.

Uswidi, tangu mwaka 1999, gari dogo haliruhusiwi kuwa barabarani bila matairi ya theluji yenye kina kisichopungua milimita 3 kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 31 Machi, hali ya barafu na theluji ikiwepo. Wao wana theluji, sisi tuna tope na mafuriko. Walichofanya ni kuutambua msimu kisheria na kuweka tarehe. Hilo linawezekana hapa. Vyama vya wasafirishaji wa Musoma na Bunda vinaweza kukubaliana kwamba gari la abiria likaguliwe tairi, breki, waipa na taa kila Februari kabla ya kuingia zamu. Stika ya usalama kwenye kioo haitoshi, kwa kuwa inaeleza hali ya gari siku lilipokaguliwa tu. Tairi linaendelea kulika. Mwezi huo huo kalavati zilizobomoka zitolewe taarifa, TANROADS kwa barabara kuu na za mkoa, TARURA kwa za wilaya na mitaa, wakati greda bado linaweza kupita.

Nanyi matajiri, wekeni siku za mafuriko kwenye makubaliano yenu na madereva. Siku mto umejaa, hesabu isamehewe, na dereva aliyerudisha abiria salama asifukuzwe kazi. Jozi ya matairi mapya na jioni moja isiyo na hesabu mnaweza kuzilipa. Maiti iliyotolewa kwenye korongo hakuna tajiri anayeweza kuilipa.