Fila Inapovuka Mpaka wa Mdomo

Fila, yaani kijazio kinachochomwa mdomoni ili kuunenepesha, inaweza kuondoka ilipowekwa ikaenda kukaa juu ya mdomo, chini ya pua, au ikashuka kuelekea kidevuni. Ule mstari mwembamba unaotenganisha mdomo na ngozi ya uso hufifia. Mwenyewe akitazamwa ubavuni, sehemu ya juu ya mdomo imefanya kigongo, na akicheka kigongo kile huzidi badala ya kulainika. Wengine husema wamepata mdomo wa bata, wengine husema wanaona kivuli cha sharubu ambazo hawana. Swali linalofuata huwa ni moja: je, niongeze kidogo ili umbo lirudi? Hapana. Kuongeza ndiko kunakozidisha tatizo, na kabla ya sindano ya pili ni lazima ya kwanza iyeyushwe.

Fila inayotumika zaidi midomoni ni jeli ya asidi ya hialuroniki. Si kitu kigeni mwilini. Karl Meyer na John Palmer waliitenga mara ya kwanza mwaka 1934 huko New York, kutoka kwenye ute wa jicho la ng'ombe. Mtu wa kilo 70 ana gramu 15 hivi za asidi hii, nyingi ikiwa kwenye ngozi na viungo, na kila siku mwili hubomoa kama theluthi yake na kuijenga upya. Kwa kuwa ya asili haidumu, watengenezaji wa fila huifunga minyororo yake kwa kemikali ili ikae miezi mingi. Jeli hizo ziliingia katika soko la Ulaya mwaka 1996, na Marekani iliziruhusu Desemba 2003. Huja katika bomba la sindano lenye mililita 1, na kijiko cha chai huchukua mililita 5. Mdomo ni mdogo, na kiasi kinachouharibu nacho ni kidogo.

Sasa kwa nini jeli ihame? Chini ya ngozi ya mdomo upo msuli wa duara unaouzunguka mdomo mzima. Ndio unaofanya kazi tunapokunywa chai ya moto, tunapofyonza dafu kwa mrija, tunapobusu, tunapopiga vigelegele. Msuli huo haupumziki mchana kutwa. Jeli ikiwekwa ndani ya msuli au ikibanwa kati yake na ngozi, kila mkazo huisukuma kidogo, nayo huelekea pasipo na upinzani: juu ya mpaka wa mdomo. Nani asiyeujua mto wa sufi uliojazwa kupita kiasi? Mshono hufumuka, na sufi hutokea pembeni, si katikati.

Kujaza kupita kiasi ndiyo sababu ninayoilaumu kuliko zote. Wapo pia wachomaji wanaoingiza sindano kutoka nje, juu ya mpaka, wakaishusha ndani ya mdomo. Wanapoichomoa huacha njia wazi, na jeli huifuata njia hiyo kurudi nje. Kukanda mdomo kwa nguvu siku za mwanzo, wakati uvimbe haujaisha, nako huchangia. Halafu ipo imani kwamba fila "huisha" baada ya miezi sita, hivyo mtu arudi kujaziwa. Picha za MRI za watu waliochomwa fila usoni zimeonyesha jeli ikiwa bado ipo miaka miwili na zaidi baadaye. Kinachopungua mapema ni uvimbe na mng'ao wa mwanzo. Anayejaza kila nusu mwaka huenda anaweka jeli juu ya jeli, na ndiye ninayemwona na kigongo.

Liko jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi. Uwiano unaofundishwa sana katika kazi hii, mdomo wa juu 1 kwa mdomo wa chini 1.6, ulitokana na nyuso za Kizungu. Kwa watu weusi, midomo miwili huelekea kulingana, na mpaka wake una rangi mbili zinazokutana waziwazi. Mchomaji anayemlazimisha binti wa Ngamiani au Makorora, hapa Tanga, kuwa na umbo la kitabuni, juu ya mdomo ambao maumbile yamekwisha kuujaza, anatia jeli pasipo na nafasi ya kuipokea. Naona uchungu binti akija kulia juu ya mdomo ambao tangu mwanzo haukuwa na kasoro yoyote.

Kuhama kwa vitu vinavyochomwa usoni ni jambo la zamani. Mwaka 1899, daktari Robert Gersuny wa Vienna alianza kuchoma parafini, ile jamii ya mafuta na nta inayotokana na mafuta ghafi, kujazia viungo vya mwili. Baada ya miaka michache wagonjwa wakaanza kupata manundu magumu, vidonda na nta iliyohama. Anayekumbukwa zaidi ni Gladys Deacon, mrembo wa Marekani aliyeolewa baadaye na Duke wa Marlborough huko Uingereza. Alijazwa nta kwenye daraja la pua akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu, ikateremka kuelekea kidevuni na kumharibia sura kwa maisha yake yote. Nta ile haikuwa na dawa ya kuiyeyusha. Naikumbusha habari hii kwa sababu silikoni ya maji na jeli nyingine za kudumu bado zinachomwa watu, nazo pia hazina cha kuziyeyusha. Zikihama, hubaki kuchoma dawa za kupunguza uvimbe mara nyingi, au kupasua, na kwa ngozi zetu kupasua kuna hatari ya kovu linalovimba na kuota.

Kwa jeli ya hialuroniki dawa ipo. Inaitwa hialuronidasi, kimeng'enya kinachokata minyororo ya asidi hiyo hadi mwili uweze kuyasafisha mabaki. Francis Duran-Reynals alikutana na kazi yake mwaka 1928, alipoona utomvu wa korodani ukifanya vitu vienee haraka ndani ya ngozi. Baadaye ilibainika kwamba sumu ya nyoka na ya nyuki nazo zina kimeng'enya cha jamii hiyo. Madaktari wa macho wamekitumia miaka mingi ili ganzi isambae vizuri kabla ya upasuaji.

Kuyeyusha kwenyewe ni kazi ya dakika chache, ila maandalizi yake hayaharakishwi. Daktari huuliza kwanza: ulichomwa nini, lini, kiasi gani, nani alikuchoma? Kama mgonjwa hana jina la bidhaa, ultrasaundi yenye kichwa cha masafa ya juu husaidia, kwa kuwa jeli ya hialuroniki huonekana kama vidimbwi vyeusi, silikoni huonekana tofauti kabisa. Kisha huulizwa habari za mzio. Mtu aliyewahi kuvimba mwili au kukosa pumzi baada ya kuumwa na nyuki, na wako kina kaka na kina baba wanaorina asali Handeni ambao limewapata hilo, aseme kabla hajaguswa. Mara nyingi tone la dawa hujaribiwa kwanza kwenye mkono, na dawa ya kuokoa maisha mzio ukitokea huwekwa pale pale, tayari. Ndipo kimeng'enya huchomwa kwa vituo vidogo vidogo ndani ya kigongo, na mahali hapo hukandwa ili dawa isambae.

Mdomo huvimba siku hiyo. Mabadiliko huanza ndani ya saa chache, hudhihirika baada ya siku moja au mbili, lakini hukumu hutolewa baada ya wiki mbili, na wengine huhitaji kuchomwa tena. Wengi huogopa kwamba dawa itaula na mdomo wao wa asili. Hialuronidasi haichagui, ni kweli, ila kazi yake ni fupi, na mwili unaojenga theluthi ya asidi yake kila siku huirudisha. Kinachotisha zaidi ni ngozi iliyotanuka kwa miaka, ambayo siku za mwanzo hulegea na kukunjamana. Mwambieni mgonjwa mapema, asije akakimbilia kujaza tena kwa hofu.

Watu wa pwani huuliza pia asili ya vitu hivi, na ni haki yao. Baadhi ya fila za mwanzo za hialuroniki zilitolewa kwenye vilemba vya majogoo. Nyingi za sasa hutengenezwa kwa bakteria viwandani. Hialuronidasi hutolewa kwenye korodani za kondoo au ng'ombe, na ipo ya binadamu inayozalishwa maabara. Muulize daktari aina aliyo nayo, kisha umuulize sheikh wako.

Tatizo letu la Tanga ni umbali. Hialuronidasi si dawa ya kuikuta duka la dawa la mtaani, na baadhi ya aina zake zinatakiwa kukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, katika mji ambao joto la Februari tunalijua. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, ndiyo ya kukimbilia kwanza. Kwa wabobezi wa ngozi, jirani yetu ni Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi cha KCMC, Moshi, kilichoanza mwaka 1992 na kinachofundisha madaktari wa nchi nyingi za Afrika. Ni kilomita 350 hivi kupitia Segera na Same. Dar es Salaam ni karibu umbali huo huo, na huko hospitali ya Mloganzila ilitangaza huduma za upasuaji rekebishi mwaka 2023. Aliyechomwa chumbani Pangani na mtu aliyekuja na mkoba hana hata moja ya hizo mkononi.

Ndiyo maana swali langu kwa anayetaka kuchomwa ni moja: hapo utakapolala, cha kuyeyushia kipo? Mchomaji asipokuonyesha, ondoka. Tangu 2019 vipodozi vinasimamiwa na Shirika la Viwango (TBS), lakini fila si kipodozi cha kupaka. Dawa na vifaa tiba viko chini ya mamlaka yake, TMDA, na anayechoma anatakiwa awe na leseni ya tiba. Zile kalamu zinazorusha jeli bila sindano, zinazouzwa kwa simu kama kitu cha nyumbani, mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya dhidi yake Oktoba 2021 kwa sababu haziwezi kudhibiti kina wala mahali jeli inapofikia.

Kuhama kwa jeli si dharura, kuziba kwa mshipa wa damu ni dharura. Jeli ikiingia kwenye mshipa, ngozi hukosa damu na huweza kufa. Vitabu husema ngozi hugeuka nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri weupe: tazama rangi ya kijivu, madoa ya zambarau kama wavu, maumivu yanayopanda badala ya kushuka. Bonyeza mdomo kwa kidole uachie. Rangi ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde tatu, nenda hospitali saa hiyo hiyo, ukiwa na kasha la dawa uliyochomwa. Macho yakififia, hakuna dakika ya kupoteza.

Kwa ambaye jeli yake imehama tu, hesabu ya kalenda ndiyo inayobaki. Wiki mbili za kusubiri, huenda wiki nyingine mbili za kurudia, kisha mwezi wa kuuacha mdomo utulie kabla hujaamua kama unataka jeli tena au la, na wengi wakiuona mdomo wao wa zamani hawataki. Kwa hiyo dada mwenye harusi Mfungo Mosi, mwezi wa baada ya Ramadhani, na somo anayemtunza, waende kuyeyusha Rajabu. Wiki ya kusugua singo na kupaka hina, mdomo usiguswe na sindano yoyote.